Mafundi wamejaa, ujuzi haba: namna ya kumpata fundi anayejua kazi Dar es Salaam na kumbakisha saiti mpaka mwisho

Ukipita Kivule, Madale, Kibada au Chanika asubuhi, karibu kila mtaa una rundo la mchanga barabarani, na penye mchanga hapakosi mtu anayeitwa fundi. Hata hivyo wenye nyumba wanalia. Boma limesimama mwaka wa pili kwa sababu fundi wa kenchi, zile mbao za kubeba paa, hapatikani. Vigae vya bafuni vinabanduka kabla familia haijahamia. Fundi bomba aliyeanza kazi ameitwa Dodoma, simu haipokelewi.

Wenye ujuzi wamevutwa na kazi kubwa: reli ya SGR, Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, majengo ya serikali Dodoma, barabara za mwendokasi hapa hapa jijini. Fundi nondo au mchomeleaji aliyezoea mshahara wa mwezi na buti za kampuni harudi kirahisi kwenye nyumba ya vyumba vitatu inayojengwa kwa kudunduliza. Wa kushika nafasi yake nao ni wachache. Kijana aliyeanza kama saidia fundi, akaona miezi inakatika anabeba zege tu bila kufundishwa hata kushika timazi, anahamia kwenye bodaboda ambako hela anaiona kila jioni. Anayetoka chuo anakuja na cheti, lakini kuta alizojenga kwa mkono wake bado ni chache.

Nasimamia ujenzi wa nyumba za watu binafsi, na jambo moja nimeliona saiti baada ya saiti: sehemu kubwa ya uhaba huu tunautengeneza wenyewe, sisi wenye nyumba. Tunamwita fundi vifaa havipo, tunamlipa kwa vipande, tunamwacha miezi mitatu, halafu tunashangaa amekwenda kwa mwingine. Hatua zifuatazo ni za mtu anayejenga nyumba ya kuishi ya chini, bila ghorofa, ambaye hana kampuni nyuma yake.

Hatua ya 1: Tenga fedha za hatua nzima kabla ya kumpigia fundi

Wengi wetu tunajenga kadiri hela inavyopatikana, na hakuna ubaya katika hilo. Tatizo ni kukatisha kazi katikati. Fundi mwenye watoto hawezi kukaa anasubiri mshahara wako wa mwisho wa mwezi. Akikaa siku mbili bila saruji, siku ya tatu yuko saiti nyingine, na huko ameshapokea kianzio.

Kwa hiyo igawe nyumba katika hatua ambazo kila moja ikikamilika inaweza kusimama yenyewe bila kuharibika: msingi na jamvi (sakafu ya zege), kuta mpaka lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kozi, yaani mistari ya tofali, za juu ya lenta pamoja na kupaua, mabomba na nyaya za ukutani kisha plasta, vigae, dari na rangi. Kwa kila hatua hesabu vifaa, ufundi, saidia, maji na nauli za mizigo. Kama hela ya hatua nzima haijatimia, endelea kuiweka. Tofali zako zitakusubiri, fundi hatakusubiri.

Vifaa vyote vikuu viwepo saiti siku moja kabla. Maji hasa. Maeneo mengi ya pembezoni maji hayana uhakika, na saiti isiyo na maji inawafanya watu wanne wakae kivulini wakidai posho ya siku, tena wana haki.

Hatua ya 2: Jua kazi ambazo hupaswi kumwachia fundi peke yake

Kabla ya jembe la kwanza, pata michoro na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri yako, iwe ya Jiji (Ilala ya zamani), Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Fundi mwashi hodari anajua kujenga, lakini kukadiria nondo za nguzo ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ukiamua kupanda ghorofa, acha njia ya fundi wa mtaani kabisa: tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Makandarasi wa majengo wamepangwa kuanzia daraja la kwanza, ambalo ndilo la juu, hadi la saba. Muulize daraja lake, kisha hakikisha na bodi yenyewe.

Jiji hili limeshazika watu waliofia chini ya vifusi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya mji na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa jingine likaanguka Kariakoo asubuhi watu wakiwa kwenye biashara. Mtu akikuambia "nondo hizi zinatosha, mimi nina uzoefu", mwombe azioneshe kwenye mchoro.

Umeme nao una sheria zake. Fundi wa kufunga nyaya anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Mwombe uione mapema, kwa sababu TANESCO watataka fomu iliyosainiwa na mwenye leseni siku ya kuomba kuunganishiwa. Kumtafuta mtu wa kusaini kazi asiyoifanya ni kujitafutia moto ndani ya nyumba.

Hatua ya 3: Mtafute fundi kwenye kazi yake

Fundi anayekufuata mwenyewe kwa kuwa ameona mchanga umemwagwa kwako, mshukuru, chukua namba yake, kisha endelea kutafuta. Fundi mzuri mara nyingi yuko kazini saa hizo.

Zunguka mtaani kwako Jumamosi, tafuta nyumba zilizokutangulia hatua moja. Wewe uko kwenye msingi? Angalia wanaopandisha kuta. Salimia, omba ruhusa, kaa nusu saa. Muuza duka la vifaa vya ujenzi ni mtu muhimu kuliko anavyodhaniwa: anamjua fundi anayerudisha mfuko wa saruji uliobaki na yule anayeuuza. Wafyatua tofali pia wanajua ni nani anakataa tofali mbichi.

Kwa milango, makabati na fremu, wengi huanzia Keko. Kwa madirisha ya nondo na mageti, Gerezani. Ukitaka vijana waliosoma, nenda chuo cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) Chang'ombe ukaulize waliohitimu uashi, bomba au umeme. Usidharau mafundi wa kike wanaotoka huko. Kwenye vigae, rangi na plasta ya kumalizia, umakini wa baadhi yao ni wa kutafutwa, na wanakosa kazi kwa sababu tu mwenye nyumba akisikia "fundi" anamwaza mwanamume.

Kuhusu vyeti: VETA sasa hutoa tuzo za ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Mafundi wa zamani watakuonesha cheti cha majaribio ya ufundi, ambacho hesabu yake ilikuwa kinyume: daraja la tatu ndilo la kuanzia na la kwanza ndilo la juu. Mzee mwenye daraja la kwanza la zamani usimpite ukidhani ni mwanafunzi.

Hatua ya 4: Kagua nyumba aliyoimaliza, zungumza na anayeishi humo

Usiridhike na picha za kwenye simu. Picha za kazi za watu wengine zinasambaa kama njugu.

Mwambie kwa heshima: "Fundi, naomba unipeleke kwenye nyumba uliyoimaliza, ambayo watu wameshahamia." Asiye na nyumba hata moja ya kukupeleka, mpe kazi ndogo kwanza. Ukifika, piga hodi, salimia, mweleze mama mwenye nyumba shida yako. Watu wa Dar wanaelewa adha ya ujenzi, wengi watakukaribisha. Angalia pembe za madirisha kama zina nyufa za mshazari. Fungua na ufunge milango. Gonga vigae kwa ukucha au sarafu, usikilize kama vinalia tupu. Mwaga kopo la maji bafuni uone yanaelekea kwenye tundu au yanasimama mlangoni.

Halafu uliza maswali mawili yanayozidi yote: kazi aliimaliza? Na alipoitwa kurekebisha, alirudi?

Hatua ya 5: Siku ya majaribio, yenye malipo

Hapa ndipo pa kuweka muda wako. Mlipe fundi siku moja, kwa bei ya kawaida ya siku, afanye kipande kidogo ukimwangalia. Kazi ya majaribio isiyolipwa inakimbiza wanaojua na kubakiza waliokata tamaa.

Mwashi mpe kona ya stoo au ya choo cha nje. Mtazame kabla hajashika mwiko. Anavuta kamba? Anahakikisha pembe ya mraba kwa kipimo cha 3, 4 na 5, yaani mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na mshazari utoke 5 kamili? Saruji na mchanga anavichanganya vikavu mpaka rangi iwe moja ndipo atie maji? Anapima kwa ndoo au karai, au anakisia kwa koleo? Tofali la juu linaangukia katikati ya mawili ya chini? Kisha ngoja jambo linalomfichua mtu: mchanganyiko umekaa muda, umeanza kukaza. Anayejua anautupa. Asiyejua anaumwagia maji na kuendelea, na ukuta huo utapukutika.

Muulize pia kuhusu mchanga. Mtu wa Dar anayejua kazi atakukataza mchanga wa pwani, kwa sababu chumvi yake inakula nondo na kubabua plasta.

Fundi nondo muulize: nondo za milimita 12 zikiunganishwa zinapandana kiasi gani? Ukisikia sentimita 60 hivi, yaani mara 50 ya unene wake, uko na mtu anayejua. Muulize anaweka nini kati ya nondo na mbao ili zege lizizunguke pande zote. Akisema atazinyanyua kwa mkono wakati wa kumwaga, endelea kutafuta.

Wa plasta aanze kwa kuulowesha ukuta na kuweka alama za unene juu na chini. Anayepiga plasta moja kwa moja akikadiria kwa jicho atakupa ukuta wenye mawimbi, na utayaona vizuri taa ya kwanza ikiwaka usiku.

Fundi umeme akuambie waya upi uende wapi: milimita 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na waya wa ardhi mpaka kwenye fimbo yake nje. Fundi bomba akubali kabla ya kuanza kwamba mabomba yatajazwa maji kwa presha na kuachwa mpaka kesho yake, kabla ukuta haujafunikwa. Anayenung'unika kwa sharti hilo anajua kwa nini ananung'unika.

Hatua ya 6: Andikeni

Karatasi moja inatosha. Majina, nakala ya kitambulisho cha NIDA, kazi gani, kwa vipimo gani, bei, malipo kwa hatua, tarehe ya kuanza na kumaliza, nani analipa saidia, nani analeta zana, kazi mbovu itarekebishwa na nani. Mashahidi wawili. Ikipitia ofisi ya serikali ya mtaa ni bora zaidi.

Bei ielezwe kwa kipimo kinachohesabika: kuta kwa tofali, plasta na vigae kwa mita ya mraba. "Nyumba nzima kwa bei hii" huleta ugomvi ukiongeza hata dirisha moja. Malipo ya siku yatumie kwa kazi ndogo zisizopimika.

Hatua ya 7: Lipa kwa namna inayomfanya abaki

Kianzio kiwe kidogo, cha nauli, zana na chakula cha siku za mwanzo. Anayedai nusu ya fedha kabla ya kazi kuanza huenda ana deni kwenye saiti nyingine, na hela yako ndiyo itakayokwenda kulizima.

Baada ya hapo lipa kila Jumamosi kwa kazi iliyopimwa. Pimeni pamoja, wewe na fundi, mkiwa na futikamba na daftari. Lipa mapema alasiri. Usimfanye mtu akusubiri mpaka saa mbili usiku akiwa na safari ya kwenda Mbagala.

Sasa sikiliza jambo linalosimamisha saiti nyingi kuliko ukosefu wa saruji: saidia fundi asiyelipwa. Unampa fundi mkuu fedha zote, yeye anatatua shida zake kwanza, Jumatatu vijana hawaji. Fundi anakwambia "bosi, vijana hawapatikani siku hizi". Wanapatikana, wanadai. Wekeni kwenye makubaliano kwamba saidia watalipwa mbele yako, au kwa simu moja kwa moja kwenye namba zao. Fundi mwaminifu hatakataa, utakuwa umempunguzia lawama.

Na mama ntilie wa saiti asikopwe wiki nzima. Chakula kikikatika, kazi nayo inakatika.

Usipunguze bei ya fundi mzuri kwa kuwa mwingine amesema kidogo. Katika uhaba huu, atakayejua kuwa unamlipa haki na kwa wakati atakuacha wewe wa mwisho, hata akiitwa kwenye mradi. Kofia ngumu, buti, glovu na sanduku la huduma ya kwanza vina gharama, lakini mtu akianguka kwenye jukwaa la mirunda, hospitali utakwenda naye wewe. Jukwaa lifungwe vizuri, lisiwe ubao mmoja juu ya mapipa mawili.

Hatua ya 8: Fuata kalenda ya mji

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Usichimbe msingi masika. Panga kupaua kati ya Juni na Septemba, lakini mjulishe fundi wa kenchi mapema, maana wenzako wote wanamtaka miezi hiyo hiyo.

Wakati wa Ramadhani mafundi wengi wamefunga. Anzeni saa 12 asubuhi, malizeni saa 7 mchana, na zege zito lisubiri baada ya Idi. Desemba wengi wanasafiri kwenda mikoani, na vijana wengine hawarudi mpaka washamaliza kulima. Waulize mapema nani anakwenda na nani anabaki, usisubiri kugundua saiti imekuwa tupu.

Zege limwagwe asubuhi kwa sababu ya joto letu, na limwagiliwe kwa siku 7 angalau. Kazi ya kumwagilia mpe mtu mmoja kwa jina, kwa malipo. Ikiachwa ya kila mtu haifanyiki.

Hatua ya 9: Weka kijana mmoja wa kujifunza

Hatua hii hairukwi, kwa sababu bila ya hii mwanao atakapojenga hatapata fundi kabisa.

Andika kwenye makubaliano kwamba fundi atafanya kazi na kijana mmoja anayejifunza, tofauti na saidia wa kubeba. Anaweza kuwa mwanafunzi wa chuo anayetafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo, au saidia uliyemwona ana macho ya kazi. Awe ametimiza miaka 18. Ujenzi ni kazi ya hatari na sheria ya ajira ya 2004 hairuhusu kumweka mtoto humo. Wewe mlipe nauli, chakula na posho. Mwongezee fundi kitu kidogo kwa kufundisha, kwa sababu kufundisha kunapunguza kasi yake na yeye analipwa kwa tofali.

Mpe kijana sehemu zisizo na hatari kubwa: ukuta wa uzio, stoo, plasta ya nyuma ya nyumba. Mnunulie mwiko, timazi na pima maji viwe vyake. Kila Jumamosi, mnapopima kazi, apime yeye kwanza, fundi arekebishe. Wiki za mwanzo kozi zitapinda na zitabomolewa. Hesabu saruji hiyo kama ada.

Fundi mwenyewe, kama amejifunzia kazini na hana cheti, mweleze kuhusu urasimishaji wa ujuzi wa VETA. Wanampima mtu kwa kazi anayoifanya, wanamwongezea pale palipopungua, wanampa cheti. Serikali pia ina Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi inayogharamia mafunzo ya uanagenzi kwa vijana. Wapo mafundi wa miaka 20 kazini ambao hawajawahi kuambiwa kwamba njia hiyo ipo. Ombi likihitaji uthibitisho wa kazi, wewe ndiye utakayeuandika.

Hatua ya 10: Kufunga kazi

Katika kila hatua bakiza asilimia 5 hadi 10 ya ufundi, kwa makubaliano yaliyoandikwa tangu mwanzo, ulipe baada ya muda mliopatana. Kwa paa, muda huo uwe mvua kubwa ya kwanza. Kwa bomba, mwezi mmoja wa matumizi. Muda ukifika na kazi iko sawa, lipa siku hiyo hiyo bila kuombwa mara mbili.

Zungukeni nyumba pamoja, andikeni kasoro zote kwenye orodha moja, apewe siku za kuzimaliza. Chukua picha za mabomba na nyaya kabla ya plasta na uzihifadhi; fundi atakayekuja miaka mingine asipasue ukuta kwa kubahatisha. Mweleze fundi wako hatua inayofuata inaanza mwezi gani, na mpigie simu wiki tatu kabla.

Mwisho, mwandikie barua ya ukurasa mmoja: amefanya kazi gani, wapi, kuanzia lini hadi lini, na namba yako ya simu ili anayetaka kuuliza aulize. Mwandikie na yule kijana ya kwake, ukitaja kuta alizojenga.